Je, ukoo wa Árpád uliisha kweli mwaka 1301?

SWALI: Nimesoma kwamba ukoo wa kifalme wa Árpád wa Hungaria uliisha mwaka 1301. Kwingine naambiwa Mfalme Charles III wa Uingereza ni mzao wao. Nishike lipi? Na je, kipimo cha DNA kinaweza kuonyesha kwamba mtu wa leo anatoka kwao?

JIBU: Shika yote mawili. Kilichokatika 1301 ni uzao wa kiume. Tarehe 14 Januari mwaka huo Mfalme András III wa Hungaria alifariki Buda bila mtoto wa kiume, na hata yeye nasaba yake ilitiliwa shaka. Baba yake, István, alizaliwa baada ya Mfalme András II kufa, na kaka zake wa baba mmoja walimkana, wakisema si damu yao.

András III aliacha binti mmoja, Erzsébet. Aliwahi kuposwa na Wenceslaus wa Bohemia (leo Ucheki), uchumba ukavunjika, naye akawa mtawa wa Kidominika huko Töss, karibu na Winterthur, Uswisi. Alifariki katika miaka ya 1330 bila kuzaa. Kwa haki kabisa yeye ndiye wa mwisho wa ukoo ule, na inaniuma kuona orodha nyingi zinaishia kwa baba yake, kana kwamba binti hakuwapo.

Mabinti waliotangulia, hata hivyo, walikuwa wamekwisha kuolewa kila pembe ya Ulaya. Tazama waliogombea kiti baada ya 1301: Otto wa Bavaria alikuwa mjukuu wa Mfalme Béla IV wa ukoo huo, Wenceslaus yuleyule alikuwa kilembwe wa Béla IV, na Károly Róbert wa Anjou, aliyeshinda hatimaye, alikuwa kitukuu wa Mfalme István V. Wote watatu walidai kupitia wanawake. Njia ya Charles III ni hiyohiyo. Mtakatifu Erzsébet, aliyefariki 1231, alikuwa binti wa András II, naye alimzaa Sophie. Mwana wa Sophie, Heinrich, akaanzisha nasaba ya watawala wa Hessen, Ujerumani. Humo wakatoka Battenberg, ukoo wa mama yake Prince Philip, baba yake Charles III.

Sasa DNA. Kaburi la Béla III, aliyefariki 1196, lilifukuliwa Székesfehérvár, Hungaria, mwaka 1848, na miaka ya karibuni wataalamu wamesoma kromosomu Y, yaani sehemu ya DNA waliyo nayo wanaume, kutoka kwenye mifupa yake. Ni ya kundi la uzao wa kiume liitwalo R1a, na tawi lake lina ndugu miongoni mwa Wabashkir wa eneo la milima ya Ural, Urusi. Lakini kromosomu Y hupita kwa baba kwenda kwa mwana tu. Charles III hana ile ya Árpád, ingawa ni mzao wao. Na mwanamume ambaye yake inafanana na ya Béla huenda anashiriki naye babu aliyeishi kabla Árpád mwenyewe, mwanzilishi wa ukoo, hajazaliwa. Vipimo vya DNA yote havisaidii pia: urithi wa babu mmoja hupungua kila kizazi, na baada ya vizazi ishirini na zaidi mara nyingi hakibaki kipande chake kinachotambulika.

Kwa hiyo uthibitisho hutoka kwenye nyaraka. Ukiletewa mti wa nasaba unaofika kwa Árpád, usianzie juu kwa wafalme, maana huko kumekwisha kuchunguzwa sana. Kagua pale familia ya kawaida inapoungwa na ya kikabaila, udai rejista ya ubatizo, hati ya ndoa au wosia unaomtaja mtoto na mzazi wake pamoja.