Kamera ya kwanza ya kazi: anza kuangalia wenzako wanatumia nini

Kabla hujaulizia bei ya kamera yoyote Kariakoo, hudhuria harusi mbili tatu uangalie wapigapicha wa mji wako wamevaa kamera gani shingoni. Wengi wakiwa na Canon, anza kufikiria Canon. Wakiwa na Nikon au Sony, vivyo hivyo. Najua ushauri huu hauna utamu wa zile video za YouTube zinazolinganisha kamera mbili kwa nusu saa, lakini kwa anayeanza na mtaji wa kuungaunga sijaona unaoushinda.

Kamera peke yake haifanyi kazi. Inataka lenzi, betri, chaja, flashi, na ipo siku itataka fundi. Lenzi ya Canon haifungi kwenye Nikon, na flashi ya Sony ukiipachika kwenye Canon haielewani nayo. Mkiwa wengi wa kampuni moja, betri ikikata katikati ya sendofu kuna wa kumkimbilia kabla keki haijakatwa. Mteja akitaka picha za kipaimara na padri hataki mtu asogelee altare, kuna mwenzako wa kukukodishia 70-200, ile lenzi ndefu ya kuvuta mbali, ukairudisha kesho yake. Miaka yangu ya mwanzo, lenzi nzuri nilizotumia nyingi zilikuwa za watu. Kijana mmoja niliyekuwa nikifanya naye kazi alichagua Fujifilm. Kamera nzuri kweli, rangi zake hadi leo nazitamani, ila hapa mjini alikuwa karibu peke yake. Kila kifaa mpaka apatikane mtu anayetoka Dubai.

Ukishajua kampuni, bado kuna mitego ndani ya kampuni yenyewe. Lenzi za Canon za EF zimekuwepo tangu 1987 na zinafunga kwenye DSLR (kamera zenye kioo ndani) zote za EOS, ndiyo maana za mtumba zimejaa. Lakini zenye alama ya EF-S ni za kamera za sensa ndogo tu (sensa ndicho kipande kinachopokea picha ndani ya kamera), kama 700D. Siku ukihamia 6D, yenye sensa kubwa, hazitafunga. Zile kamera ndogo za Canon za mfululizo wa M zinauzwa bei ya kuvutia, ila mfumo wake ulifikia mwisho mwaka 2023, kwa hiyo usijiingize huko kama unataka kukua. Kwa Nikon, kamera za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota ya kufokasi (kuilenga picha iwe kali) ndani. Ukizifungia ile 50mm f/1.8D ya bei poa utazungusha kwa mkono kila picha, bibi harusi akiwa anatembea. Tafuta lenzi iliyoandikwa AF-S, yenye mota yake yenyewe, au panda hadi D7000.

Halafu kuna kamera zinazotoka Japani. Ukikuta Canon imeandikwa Kiss X7i usishangae, ndiyo 700D ile ile. Kwa Sony kuwa makini zaidi: nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani pekee, na muuzaji atakuambia utazoea. Washa, ingia kwenye menyu mwenyewe, hapo hapo dukani.

Sasa pesa. Nusu ya bajeti yako, au hata zaidi, iende kwenye lenzi. Watu wengi wanamaliza hela yote kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, kisha wanabaki na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo. Mchana pale Coco Beach itakupa picha safi. Ipeleke ukumbini saa tatu usiku, taa za zambarau, DJ kapunguza mwanga maharusi wanaingia, utaona. Ukiivuta hadi 55, uwazi wake unaishia f/5.6, na namba hii ikiwa ndogo ndivyo mwanga unavyoingia zaidi. Lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo ndiyo ya bei nafuu kuliko karibu zote, inaingiza mwanga unaokaribia mara kumi ya huo. Maana yake, pale ambapo 18-55 inakulazimisha kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 6400 na picha inajaa chenga, 50mm inapiga kwa ISO 640 hivi. Hakuna bodi ya bei ya kawaida itakayokupa tofauti hiyo. Kwa hiyo 700D ya mtumba na 50mm na flashi moja ya kuelekeza darini ni bora kuliko bodi ya kifahari yenye lenzi ya kubandika tu.

Megapikseli zisikusumbue. Picha ya megapikseli 20 inachapika ukubwa wa A3 kwa ubora wa albamu, na nani wa hapa kwetu anaagiza albamu kubwa kuliko hiyo? Ukubwa wa sensa ndio wenye maana kidogo. Sensa ya fulufremu, ile kubwa, ni milimita 36 kwa 24. Ya Canon ndogo ni 22.3 kwa 14.9, kwa hiyo ile kubwa ina eneo la zaidi ya mara mbili na nusu. Inasaidia gizani, lakini inakuja na lenzi nzito na za bei. Kama harusi ndiyo kazi unayoitaka, Canon 6D ya mwaka 2012 bado ni kamera ninayoitetea bila aibu. 5D Mark II ni ya 2008 na picha zake bado nzuri, ila inatumia kadi za CompactFlash, na siku kadi hiyo ikiharibika huipati kwenye duka la simu la mtaani. 6D ina udhaifu wake: sehemu ya kadi ni moja tu. Nikon D750 ya 2014 ina mbili, picha zinaandikwa kote kwa pamoja, na kwa harusi hilo linakupa usingizi.

Video je? Siku hizi mteja analipia picha mnato na bado anataka vipande vya kuweka Instagram kabla wageni hawajafika nyumbani. Hapa 6D inachechemea, maana kwenye video fokasi yake inatafuta mpaka aibu. Canon ilileta fokasi ya maana ya video kwenye 70D mwaka 2013, na 80D ikaifuata. Zina sensa ndogo, lakini kwa anayefanya vyote viwili ningezichukua kabla ya 6D. Na utamu ni kwamba 6D, 70D, 80D na 5D Mark II na III zote zinatumia betri ya LP-E6. Unaona tunarudi kule kule kwa wenzako. Kama pesa inaruhusu na wenzako wamehamia kwenye kamera zisizo na kioo ndani, wafuate. Kwa video zimeshinda. Ila usiwe wa kwanza mtaani.

Jambo moja wauzaji hawalisemi kwa sababu hawalijui. Kamera ikiachwa ijipimie mwanga inavuta kila kitu kielekee kijivu cha kati. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, kamera inapunguza mwanga, na uso wa bibi harusi mweusi unazama. Kwa hiyo ukienda kujaribu kamera usipige maboksi ya rafuni. Mwombe muuzaji asimame mlangoni, jua likiwa nyuma yake, piga kwa RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata), kisha nyumbani ivute ile sura kwenye kompyuta uone kama inarudi na rangi ya mtu au inarudi na chenga na wekundu.

Kwa mtumba, nenda na tochi ya simu. Vua lenzi, mulika kutokea nyuma ukichungulia mbele. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, na pwani yetu ya Tanga mpaka Zanzibar inaipenda sana. Achana nayo hata kwa nusu bei. Piga ukuta mweupe kwa f/16 uone vumbi la sensa. Vumbi linasafishika, mikwaruzo haisafishiki. Uliza shata, kile kilango kinachofunguka kila ukipiga picha, imepiga mara ngapi: 6D ilitengenezwa kwa makadirio ya 100,000, na 5D Mark III 150,000. Nikon inaandika hesabu hiyo ndani ya picha yenyewe, Canon nyingi zinahitaji programu na kompyuta, kwa hiyo beba laptopu au mlipe fundi akuangalizie. Na risiti iandikwe namba ya kamera. Kamera za wizi zipo, na mwenyewe anaweza kukutana nayo shingoni mwako ukumbini.

Ikishakuwa yako, isilale kwenye begi lake chini ya kitanda. Nunua kontena la plastiki linalofunga vizuri, tia pakiti za silika jeli, na uzibadilishe zikishashiba unyevu. Walioko Dodoma na Singida fangasi si tatizo lao kubwa. Wao wapambane na vumbi, wasibadilishe lenzi nje upepo ukivuma.

Na kama bado umekwama kati ya mbili, kodi moja Jumamosi hii na nyingine wiki ijayo, upige shughuli ya ndugu asiyekulipa. Jumapili jioni zihamishie kompyuta uangalie zile za baada ya saa mbili usiku tu. Za mchana zote zitakuwa nzuri.