Kwa nini mabomu yalitupwa kwenye watu wanaoelea?

SWALI: Katika makaburi ya vita ya Ngong Road nimesoma majina ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki waliozama na meli Khedive Ismail mwaka 1944. Naambiwa manowari iliyowalinda ndiyo iliyowatupia manusura mabomu. Ni kweli? – Msomaji, Dagoretti

JIBU: Ni kweli, ndugu yetu. Msafara wa meli 5 za askari ulitoka Kilindini kwenda Colombo, ukisindikizwa na manowari Hawkins, Petard na Paladin. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga Khedive Ismail kwa topido 2, yaani mabomu yanayosafiri chini ya maji. Ilizama kwa muda wa dakika 2 hivi. Waliokuwa vyumba vya chini hawakuiwahi hata ngazi. Walikufa watu 1,297, wauguzi wakiwemo.

Kamanda wa I-27, Toshiaki Fukumura, hakuwa mgeni wa kazi hii: tangu 1943 alikuwa akiwinda meli za mizigo katika Bahari ya Hindi. Nyambizi yake ikabaki chini ya maji, pale pale manusura walipoelea.

Nyambizi hutafutwa kwa mwangwi: mlio hutumwa majini, ukigonga chuma hurudi. Manowari ikikaribia mno, mlio hupita juu ya nyambizi na mwangwi hupotea. Hapo mabomu hutupwa kwa makisio. Kila bomu hutegwa kabla lilipuke kwenye kina fulani, na shinikizo la maji ndilo hulifyatua. Maji hayabonyei kama hewa, hivyo mshindo humfikia anayeelea ukiwa na nguvu, ukampasua mapafu na utumbo. Rupert Egan, kamanda wa Petard, aliwaona watu wale. Lakini meli 4 zilibaki, zimebeba maelfu, na I-27 ilikuwa bado hai. Uamuzi wake wa kutupa mabomu ulikuwa mchungu kupita kiasi, nasi hatuoni angefanya lipi jingine.

I-27 ikaibuka. Paladin ikaenda kuigonga, ikaamriwa kugeuka dakika ya mwisho, bawa la kuzamia la nyambizi likaichana Paladin ubavu. Mizinga ya inchi 4 ya manowari haikutoboa kiwiliwili cha nyambizi. Petard ikafyatua topido moja baada ya nyingine; ya 7 ndiyo iliyopata. Fukumura akafa na mabaharia wake, akapona mmoja tu.

Majina uliyoyasoma ni ya Kikosi cha 301 cha mizinga, karibu 500.