Kwa dada anayetaka kumtoa mtoto shule amfundishe nyumbani: sisi yalitukuta haya

Dada, nimesoma swali lako mara mbili. Mwanao ana miaka saba, yuko Gredi ya 2, anarudi nyumbani na maneno usiyoyapenda, baba yake hajakubali, na wewe moyoni unahisi Mungu amekukabidhi kazi ya kumfundisha mwenyewe. Unauliza kama sheria inaruhusu, utumie vitabu gani, na marafiki atawapata wapi. Yote nitakujibu, lakini niache nianze na ambalo hukuliuliza.

Sisi tunaishi Mtwapa, pwani ya Kenya. Mume wangu kazi yake ni kutoa mizigo bandarini, mimi nilikuwa naweka hesabu katika hadiwea moja. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, kijana wetu wa kwanza alikuwa Gredi ya 3 na dada yake Gredi ya 1. Kabla ya hapo nilikuwa namwamsha yule mkubwa saa kumi na moja kasorobo alfajiri, basi la shule linapita saa kumi na moja na nusu, anavaa soksi akiwa amefumba macho. Akirudi jioni kuna karatasi ya manila ya kuchorwa, kuna picha za kuchapishwa saiba, na kazi yote nafanya mimi yeye akisinzia mezani. Akiwa na miaka minane akaanza tena kukojoa kitandani. Nilipokwenda kumwambia mwalimu wake, alinijibu kwamba mtoto anadeka, kisha akanionyesha amekuwa wa ngapi darasani.

Basi korona ikaja, tukakaa naye nyumbani, ndipo nikagundua kwamba mwanangu hajui kusoma. Alikuwa anakariri. Ukimpa ukurasa wenye picha anakusomea vizuri kabisa, ukifunika picha kwa kiganja ananyamaza. Tukaanza upya, ba be bi bo bu, kama tulivyofundishwa sisi. Kiswahili kina rehema katika hilo, kinasomwa kama kilivyoandikwa. Baada ya wiki sita hivi tulikuwa kwenye Injili ya Marko, pale Yesu amelala chomboni na mawimbi yanapiga, akausoma mstari mzima bila kuweka kidole. Nililia. Yeye alitaka tu kujua kama mto aliolalia Yesu ulikuwa wa sufi au wa sponji.

Shule zilipofunguliwa Januari 2021 hatukumrudisha, wala dada yake. Kanisani nilisema Bwana ametuongoza. Naomba unielewe, sisemi hakutuongoza, ila ukiniuliza leo nilisukumwa na nini asubuhi ile, nitakwambia hasira. Hasira na yule mwalimu, na basi, na manila. Na hasira ilinitosha mpaka mwezi wa Aprili.

Maana nilifanyaje? Nilihamishia sebuleni shule ileile niliyoikimbia. Ratiba ukutani kwa dakika arobaini arobaini, sare nusura niwashonee, na kengele ndogo ya shaba. Saa mbili nagonga. Mdogo wetu alikuwa na mwaka mmoja, anatambaa anakula chaki. Siku moja tuko kwenye kugawanya kwa njia ndefu, 432 kwa 12, kijana amekosea mara ya nne, nami nikapiga meza kwa kofi hadi kikombe kikaanguka. Akaniangalia, hakulia, akasema polepole: "Mama, kule shule kulikuwa na kengele ya kwenda nyumbani. Hapa ikigongwa tunaenda wapi?"

Kengele niliifungia kabatini siku hiyohiyo, na kwa wiki tatu hatukufungua kitabu cha hesabu. Tulipika, tulipima. Paketi ya unga ya kilo 2 inatoa chapati ngapi, tukiuza moja shilingi 20 tunapata ngapi, mafuta yamekula ngapi. Kugawanya kulimwingia hapo jikoni, kupitia faida. Mtoto wa karani huyo.

Kwa hiyo kabla ya vitabu na kabla ya sheria, kaa chini ujiulize kama unampeleka mwanao mahali au unamkimbiza tu kutoka mahali. Ukiwa na hasira na shule, nenda kwanza ukaongee na shule. Hata kuhama shule ni dawa, na ni rahisi kuliko hii.

Sasa sheria, maana hapa watu wanadanganyana sana. Katiba yetu, ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 30, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na asipofanya hivyo ametenda kosa. Kuna wazazi wawili waliokwenda Mahakama Kuu kudai kwamba kuwalazimisha hivyo kunaingilia haki na imani yao. Mwaka 2021 ombi lao likatupwa. Hivyo anayekwambia "hakuna shida, Katiba inakulinda" anakwambia anachotamani. Ziko familia nyingi zinazoendelea kimya kimya, lakini ukimya wa serikali si ruhusa, na mtu akitaka kukuchongea ana pa kushika.

Kwetu chifu alikuja mwaka 2022. Jirani alimwambia kuna watoto hawaendi shule, karo imewashinda. Nilimkaribisha chai na mahamri, akamwita kijana, akampa gazeti asome. Akasoma. Akampa hesabu ya mdomo ya mbuzi na bei zake, akaitoa. Mzee akafurahi, akamaliza chai, halafu akasema: "Mama, mtoto ni mzuri, lakini nikiulizwa yuko shule gani nitaandika nini?" Swali la haki kabisa. Tukazunguka mpaka tukapata shule ndogo ya kanisa iliyosajiliwa, inayotumia vitabu vyetu, vile nitakavyokutajia chini, ikamwandikisha kama mwanafunzi wake. Anakwenda siku 2 kwa wiki, mitihani anafanyia kule, siku nyingine yuko nyumbani. Karo ni pungufu ya ile ya zamani na basi hakuna. Kama ningejua, ningeanzia hapo kabla ya kitu kingine chochote, na ndivyo nakushauri. Usingoje chifu.

Kuhusu mitaala, amua mapema unaelekea mtihani gani. Zamani ungeweza kumfundisha mtoto hata chini ya mwembe kisha ukamsajili KCPE, ule mtihani wa kumaliza darasa la nane, kama mtahiniwa wa kibinafsi. KCPE ya mwisho ilikuwa 2023. Katika mfumo huu mpya alama hujengwa kidogo kidogo. Tathmini za shuleni zinaanza kuhesabiwa Gredi ya 4, halafu KPSEA, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, Gredi ya 6, halafu KJSEA, wa kumaliza sekondari ya chini, Gredi ya 9. Katika kumpanga mtoto sekondari ya juu, KJSEA inabeba asilimia 60, KPSEA 20, na tathmini za shuleni za katikati 20. Mtoto aliyekuwa jikoni kwako miaka hiyo hana hizo alama. Ukitaka arudi kwenye njia ya serikali, Gredi ya 4 ndiyo mlango. Ukipita hapo, jiandae kwa njia ya nje, kwa wengi ni IGCSE, mtihani wa sekondari wa kimataifa kutoka Uingereza, ambayo mtahiniwa wa kibinafsi anaruhusiwa kuifanya na unalipia kila somo. Sayansi ina karatasi maalumu kwa wasio na maabara. Ila pesa yake si ya mchezo, anza kuweka akiba mtoto akiwa bado na meno ya utoto.

Vitabu tulivyotumia ni vya ACE, ule mfumo wa Kikristo ulioanzia Texas mwaka 1970. Ni vijitabu vyembamba. Mtoto anajipangia kurasa za siku, anasahihisha mwenyewe kwa kitabu cha majibu, na kwenye jaribio la mwisho anatakiwa afikishe asilimia 80 ndipo aendelee. Uzuri wake ni kwamba mzazi asiye mwalimu anaweza kuushika. Ubaya nimeuona kwa macho. Miezi miwili kijana ana vema ukurasa hadi ukurasa, mama natamba kwenye kundi la akina mama wa kanisa. Jaribio likaja, 46. Nikapekua nyuma, nikaona jibu moja ameandika kwa ukamilifu pamoja na maneno "majibu yatatofautiana". Alikuwa ananakili kitabu cha majibu, hata yale maelezo ya mwalimu. Nilicheka kwanza, kisha nikaenda kukaa chooni nikafikiri. Kusahihisha sasa nasahihisha mimi.

Jambo lingine, vile tulivyopata sisi vimejaa Marekani. Theluji, dola, futi na inchi, marais wao. Imani utaikuta humo, lakini Mombasa hukuti. Historia nikaifanya kwa miguu. Tulikwenda Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593. Tulikwenda Kengeleni, kijana akasimama mbele ya ile kengele ya Frere Town, mji waliokalishwa watumwa walioachiwa huru, ndipo akajua kwa nini makanga wa matatu wanaita "Kengeleni!" kila siku. Tukapanda hadi Rabai, walikoanzisha misheni wamisionari wa Kijerumani Krapf na mwenzake Rebmann mwaka 1846. Krapf alifika Mombasa 1844, na katika miezi ya mwanzo tu akamzika mke wake na mtoto mchanga. Akaendelea na Kiswahili chake. Kilichomshangaza mwanangu zaidi ni kwamba alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa. Akaniuliza, "Kwa hiyo Mwislamu ndiye aliyemsahihishia Biblia?" Tukalizungumza hilo njia nzima ndani ya matatu, na abiria wawili wakaingia kwenye mazungumzo, mmoja ustadhi wa madrasa. Somo kama lile sijawahi kulifundisha tena.

Nalisema kwa sababu umeandika kwamba unataka kumkinga na dunia. Pwani hii utamkinga na nani, dada? Anayekuuzia samaki ni Mwislamu, fundi wako ni Mwislamu, jirani anayekuletea biriani Idi ni Mwislamu. Mimi sasa nataka ajue anachoamini kiasi cha kuweza kuongea na ustadhi kwa adabu. Na maneno mabaya? Yale mengine kijana wangu aliyatoa kwa binamu zake likizo ya Disemba, si shule.

Baba yake. Usianze bila yeye. Wangu alikubali kwa mdomo tu, na kila mwanawe alipokosea swali mbele ya wageni niliona jicho lake. Kilichombadilisha ni kumpa kazi. Jumamosi asubuhi hesabu ni za baba, pamoja na kodi za forodha na kubadilisha shilingi kwa dola. Mama mkwe ilikuwa ngumu zaidi. Alikuja kutoka Taita, akaangalia sebule, akasema, "Watoto wa wenzio wako darasani, wa mwanangu wanachambua mchicha?" Nilimwomba radhi, nikamwomba awafundishe Kitaita kila akija. Hajakubali mpango wetu hadi leo, ila Kitaita anafundisha, na kwa ukali kuliko mimi.

Na marafiki. Kijana hakusumbuka, yeye vitabu vinamtosha, sasa ana miaka 15 na anajiandaa na IGCSE. Binti ndiye aliyenifundisha. Huyu ni mtu wa watu. Alikuwa anasimama getini saa tisa unusu kuwangoja wenye sare wapite, anajua majina yao, anajua nani ameadhibiwa leo. Nilikuwa naliona hilo kama jambo dogo. Nikaliombea, nikafunga, na jibu nililopata halikuwa nililotaka. Januari 2023 akaingia Gredi ya 4 katika shule ya kutwa karibu na kwetu, ya kutembea dakika kumi, hakuna basi. Baadhi ya akina mama wenzangu walioanza pamoja nami waliona nimerudi nyuma. Mmoja aliniuliza kama imani imepungua. Nilimjibu kwamba watoto ni wawili na Mungu aliwaumba mmoja mmoja. Binti anang'aa kule. Ibada ya asubuhi tunafanya wote kabla hajaondoka, saa kumi na mbili na nusu, kila mtu akiwa macho.

Kuhusu kazi yako, umesema ungependa kuendelea kufanya kazi kutwa nzima na kumfundisha jioni. Hapana. Mimi niliacha hadiwea, na mwaka wa kwanza tulikula dagaa na sukuma mpaka tukachoka kuviangalia. Kama mshahara wako ndio unaolipa kodi ya nyumba, subiri. Mtoto wa Gredi ya 2 hakuna kinachomharakisha.

Yule mdogo aliyekuwa anakula chaki sasa ana miaka saba, nipo naye nyumbani, anajua kusoma, hesabu anazikwepa. Mwaka unaofuata nitaamua kama anafuata kaka au dada, bado sijui. Tuko familia sita tunaokutana kila Jumatano chini ya mkorosho wa kanisa, watoto wanacheza, wanafanya majaribio ya sayansi, akina mama tunalalamika. Ukiwa upande huu niandikie ndani, uje umwone mtoto wako akiwa na wenzie kabla hujamwambia mwalimu wake lolote. Mletee chupa yake ya maji, pale hakuna bomba.