Mama anauliza, hiyo ni kazi ama ni kamari?

*Maswali ya wasomaji kuhusu pesa*

Habari yako dada. Niko na miaka 29, naishi Zimmerman, nilikuwa kasta kea kwa kampuni fulani Westlands mpaka mwezi wa tatu nikaacha. Foreksi, hii ya kutreid bei za sarafu, nilianza mwaka jana kwa simu, dhahabu sanasana, miezi mitatu mfululizo nikapata faida nikajiuliza hii kazi ya kutukanwa na wateja ni ya nini. Saa hii niko na 180,000 kwa akaunti. 120,000 ni zangu nilitoa sacco, 60,000 ni za marafiki watatu waliniambia niwatreidie tugawane faida nusu kwa nusu. Binamu yangu wa Leeds anasema huko wanafanya spredi betingi na hailipiwi kodi, niangalie hiyo. Na yule aliyenifunza ananiambia nikileta watu 20 kwa linki yangu nitalipwa kila mwezi hata nisipotreid. Shida ni mama, ni mtu wa kanisa sana, aliniuliza kwa simu hiyo ni kazi ama ni kamari nikakosa jibu. Nataka kuishi na hii kitu. Itawezekana?
*Kijana wa Zimmerman*

Ndugu yangu, nianze na binamu wa Leeds manake jibu la mama liko hapo hapo. Spredi betingi ni kitu cha Uingereza na Ireland. Mtu anaitwa Stuart Wheeler alianzisha kampuni London mwaka 1974, IG Index, wakati huo Waingereza walikuwa wamebanwa na sheria za fedha za kigeni, kununua dhahabu ilikuwa shida, sasa yeye akawapa njia ya kubeti bei ya dhahabu bila kuishika dhahabu yenyewe. Inaenda hivi. Broka, ile kampuni unayotreid kupitia kwake, anakupa bei mbili, tuseme hisa za London ziko 8,000 kwa 8,002. Ukiona zitapanda unanunua kwa 8,002 na unasema kila pointi ni pauni 5. Ukiuza kwa 8,042 umepata pointi 40, pauni 200. Ukilazimika kuuza kwa 7,962 umepoteza pauni 200 hizo hizo. Na zile pointi mbili za katikati ndio spredi, ni za broka uwe umeshinda ama umeanguka.

Sasa kodi haiko kwa sababu gani? Kwa sababu wakusanya kodi wa huko wanaihesabu ni beti. Mama yako na serikali ya Uingereza wanaongea lugha moja, na binamu alikupa nusu ya habari tu, manake pesa ikiwa ya kamari basi hata hasara yako ni ya kamari, huwezi kwenda nayo kwa wenye kodi wakupunguzie. Halafu hiyo ruhusa ni ya mtu anayelipa kodi Uingereza. Haivuki bahari ikufuate Zimmerman.

Wewe unachofanya na simu ni ndugu wa tumbo moja na hiyo. Huna hata gramu ya dhahabu mahali, uko na pesa juu ya tofauti ya bei.

Najua watu wa treidi hukasirika wakisikia neno kamari na wako na hoja yao, nisiwanyime. Chai yetu inauzwa mnada wa Mombasa kwa dola. Anayeuza chai anaogopa shilingi ikipata nguvu kabla hajalipwa, anatafuta mtu wa kumbebea hiyo hofu, na huyo anayeibeba akitarajia faida amefanya kazi ya maana kabisa, hajaiba kitu cha mtu. Hata George Soros, yule mwekezaji tajiri wa Marekani, Septemba 1992 alipoweka pesa dhidi ya pauni na kutoka na faida ya karibu dola bilioni moja, wako wanaosema alionyesha tu kwamba Uingereza ilikuwa inashikilia bei isiyoshikika. Mimi hiyo hoja naikubali. Lakini haikuhusu wewe. Oda yako ya dhahabu, broka akiwa ni wa kusimama mwenyewe upande wa pili, haifiki sokoni, inabaki kwenye vitabu vyake, hakuna mkulima wa Kericho amepunguziwa hofu na wewe. Ukipoteza ndio yeye anapata. Na hata yule anayepitisha oda mbele bila kusimama upande wa pili bado anakula spredi ama komisheni kila ukibonyeza.

Kwa hivyo mwambie mama ukweli, vile unafanya sasa sehemu kubwa ni kamari. Kuna watu wachache wameifanya kazi, sikatai, lakini angalia ni wachache kiasi gani. Wasimamizi wa masoko wa Ulaya walipoweka masharti mwaka 2018 walisema kati ya akaunti za watu wa kawaida kwenye hizi CFD, yaani mikataba ya kubeti tofauti ya bei kama unavyofanya wewe, asilimia 74 mpaka 89 hupoteza pesa. Brazil watafiti walifuata watu walioanza kutreid fyucha za hisa, yaani mikataba ya bei ya siku za mbele, kila siku, na wale waliovumilia zaidi ya siku 300, yaani wale wenye bidii sio wa kuonja wakatoka, asilimia 97 walipoteza. Waliopata zaidi ya mshahara wa chini wa nchi yao walikuwa asilimia 1.1.

Miezi yako mitatu ya faida haijaniambia kitu, na sisemi hivyo kukuvunja moyo. Mimi nilitreid kutoka 2016 mpaka 2018 nikiwa South B, kila treidi niliandika kwa kitabu, nilianza nacho nikidhani siku moja nitakionyesha watu. Treidi 311. Nilishinda 190. Ukisikia hivyo utasema huyu dada anajua. Lakini nikishinda nilikuwa nafunga haraka, shilingi 400 hivi kwa wastani, kwa sababu naogopa itaniponyoka, na nikipoteza nilikuwa nangoja irudi, nangoja, nangoja, mpaka 1,100. Piga hesabu. Nilitoka na hasara ya 57,100, na siku nyingi za hiyo miaka miwili nilikuwa nalala nikijiona mshindi.

Sasa kuishi. Mwezi unahitaji ngapi Zimmerman, na rent, na chakula, na kitu kidogo cha mama? Tuseme 45,000. Kwa 180,000 hiyo ni asilimia 25 kila mwezi bila kukosa mwezi hata mmoja, wakati mtu anayesimamia pesa za wakubwa akipata asilimia 20 kwa mwaka mzima anapigiwa makofi. Njia pekee ya kufika huko ni leveraji, yaani kutreid kiasi kikubwa kuliko pesa uliyoweka, na sheria yetu ya 2017 imeiruhusu mpaka mara 400. 180,000 yako ni kama dola 1,400, mara 400 ni dola 560,000. Ukiitumia yote, bei ikienda upande mbaya kwa robo ya asilimia moja umekwisha, na robo ya asilimia euro na dola hutembea mchana wa kawaida tu ukiwa unakula. Ulaya mtu wa kawaida wamemwekea mwisho mara 30 kwa sarafu kubwa, dhahabu mara 20, na hapo bado wengi wanaanguka.

Pia rent ina tarehe, na soko halijui tarehe ya landlodi wako. Mwezi ukifika 28 na huna kitu utaona nafasi kwa chati mahali hakuna nafasi. Mimi nimekaa hapo, nazijua hizo macho.

Tuje kwa marafiki watatu. Hapa sina maneno mengi. Kusimamia pesa za wengine kwenye foreksi ya mtandaoni ni kazi ya leseni kutoka CMA, wale wasimamizi wa masoko ya mitaji hapa Kenya, huna, na faida mnagawana nusu kwa nusu lakini hujaniambia hasara mtagawana vipi. Nadhani hamkuongea. Warudishie 60,000 yao wiki hii ikiwa bado iko kamili, na kama imepungua jazia kutoka kwa ile 120,000.

Kitu kilichonifanya nikujibu kirefu hivi ni ile linki. Watu 20. Nataka ujue hiyo pesa inatoka wapi kwa sababu nimeila. Broka anamlipa anayeleta mteja kulingana na vile mteja anatreid, kila loti (kipimo cha ukubwa wa treidi) anayofungua na kufunga wewe unapata kipande cha spredi. Sasa fikiria mteja gani anakulipa vizuri. Sio yule mwangalifu anayefungua treidi mbili kwa mwezi, ni yule aliyechanganyikiwa, anayefungua kumi kwa siku akijaribu kurudisha ya jana. Akichoma akaunti yake yote wewe umeshalipwa. Ndio maana kuna watu wanafunza bure, wanatoa signali za nunua ama uza bure, wanapost gari, na ukitafuta treidi zao wenyewe huzioni. Hawaishi na treidi, wanaishi na wanaotreid.

Mwaka 2017 rafiki yangu, tulisoma naye, aliingia kwa linki yangu. Nilimwambia ni nzuri na nilikuwa naamini. Aliweka 35,000, ilikuwa ya kufungua kibanda cha nguo Gikomba, na kwa wiki tano hivi ikaisha yote. Mwisho wa mwezi nikaona kwa akaunti yangu nimelipwa 2,300 na sikuelewa ni za nini, nikafungua orodha, jina lake liko hapo juu kabisa, mteja wangu mzuri kuliko wote. Nilimpelekea hizo 2,300 nikamwambia zilitoka wapi, hakunitusi, alisema tu sawa. Mpaka leo tunasalimiana kwa mbali.

Ukitreid pesa yako ukapoteza hayo ni mambo yako na Mungu wako na mama yako. Lakini wale 20 utawatoa wapi? Utawatoa kwa watu wanaokuamini, kanisa ya mama, estate, wale mlifanya kazi nao Westlands. Hakuna mgeni atabonyeza linki ya mtu hamjui. Hiyo linki usiichukue.

Fanya hivi. Rudisha 100,000 sacco, bakisha 20,000, treid hiyo kwa mwaka mzima ukiandika kila kitu, hasara pia, na utafute kazi, hata kama ni ya kutukanwa kwa simu. Mwaka ukiisha nitumie kitabu chako nikisome.

Mzee wangu anatreid. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi jioni haongeleshwi, anasema ni habari za Marekani. Term hii fees ya mtoto iliingia huko. Naogopa, wanaweza kuja kuchukua vitu vya nyumba akipoteza zaidi ya pesa aliyoweka?
*Mama wawili, Kayole*

Pole sana mama. Hiyo ya Ijumaa ni ripoti ya ajira ya Marekani, hutoka saa tisa unusu ama saa kumi unusu kwa saa zetu kutegemea msimu wao, na bei huruka kwa sekunde.

Kuhusu kudaiwa zaidi ya ulichoweka, imewahi kutokea. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuzuia faranga yao dhidi ya euro, bei ikaruka na stop losi za watu, zile oda za kufunga treidi hasara ikifika kiwango fulani, hazikupata pa kufungia, wengine wakaamka wanadaiwa na broka, na Alpari ya Uingereza ikaanguka kabisa. Ulaya tangu 2018 mteja wa kawaida hawezi kudaiwa zaidi ya kilicho kwa akaunti. Ya mzee wako, muulize jina la broka kisha uangalie kama liko kwa orodha ya leseni ya CMA, na asome mkataba unasemaje akaunti ikienda chini ya sifuri.

Lakini mimi naogopa zaidi simu yake kuliko broka. Mtu akishaweka fees ya mtoto, kinachofuata mara nyingi ni Fuliza na mikopo ya simu, na hao watadai kwa hakika. Ongea naye Jumamosi ama Jumapili soko likiwa limefungwa, usimguse treidi ikiwa wazi, hatakusikia. Usianze na lawama, anza na fees, lini itarudi na kutoka wapi. Na kuanzia sasa fees ilipwe shuleni moja kwa moja siku mshahara unaingia. Akikataa hilo moja shirikisha mtu anayemheshimu, kaka yake ama mchungaji, mapema, msingoje term ijayo.

Asalaam aleikum. Broka wangu amenipa akaunti ya Kiislamu, haina riba ya usiku. Basi ni halali?
*Msomaji wa Eastleigh*

Waaleikum salaam. Mimi si mwanazuoni kwa hivyo fatwa sitoi. Ila kwa upande wa hesabu, kilichoondolewa hapo ni ile swapu tu, riba ya kulaza treidi usiku. Leveraji bado iko, na kuuza kitu ambacho hukishiki bado kuko, na mabroka wengine hurudisha hiyo swapu kwa jina la ada ya siku. Ukienda kwa sheikh wako usimuulize kama akaunti ya Kiislamu ni halali, hilo jina tayari limebeba jibu. Muonyeshe kwa simu treidi moja kutoka mwanzo mpaka mwisho, umenunua nini, kwa pesa ya nani, na nani amelipa ulipopata, halafu umuulize kuhusu riba, gharar (utata kwenye mkataba) na maysir (kamari) moja moja.