Usimshike kinyonga wako kila jioni: wangu nilimshika mpaka akafa

Uache mpango huo leo hii. Umeandika kwamba kinyonga wako huko Bagamoyo hufura na kufoka kila unapomgusa, na kwamba kuanzia kesho utamshika nusu saa kila jioni ili azoee. Maneno hayo niliyasoma mara mbili, kwa sababu nusu saa kila jioni ndiyo dozi niliyompa wangu hapa Tanga, na wiki ya sita hakuiona.

Aliyenipa ushauri huo ni bwana mmoja wa Ngamiani aliyekuwa akifuga kasuku, nami nikadhani kwamba mtu anayewasemesha kasuku hawezi kushindwa na kiumbe asiyesema lolote. Aliniambia, kwa uhakika wa daktari bingwa, kwamba kila mnyama hulainika kwa mkono, na kwamba akifoka nisimwachie, kwani nikimwachia atajiona ameshinda. Kasuku ni ndege wa makundi, hutafuta mwenzake. Kinyonga huishi peke yake, na hata kinyonga mwenzake humwona adui isipokuwa siku za kupandana. Baada ya msiba ndipo nilipomwuliza bwana yule kinyonga hula nini, akanijibu bila haya: mchicha.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Nilikuwa nikiingiza mkono kwa juu, nikimbana kiunoni na kumng'oa tawini. Kwa kinyonga, kitu kinachoshuka kutoka juu na kumkamata mgongoni ni mwewe, hakina maana nyingine. Vidole vyake vimegawanyika mafungu mawili kama koleo, na akishaling'ang'ania tawi, ukimvuta unaweza kumng'oa kucha, jambo ambalo mimi nililifanya. Macho yake nayo huzunguka kila moja kivyake, kwa hiyo mkono wangu aliuona kabla sijafungua mlango wa kizimba.

Wiki ya kwanza alipanua kinywa na kugeuka rangi ya mkaa. Wiki ya pili aliacha kufoka, nami nikawatangazia majirani ushindi na kupigwa picha akiwa begani kwangu, wote wawili tumefura, kila mmoja kwa sababu yake. Hakuwa amezoea, alikuwa amekata tamaa. Wiki ya tatu aliacha kula nyenje, na ile sehemu nyeupe ya kinyesi chake ikawa ya rangi ya chungwa, ambayo ni dalili ya kiu, lakini kwa mnyama mwenye sifa ya kubadili rangi mimi sikuona ajabu. Nilikuwa nimemwekea bakuli la maji, wakati kinyonga hunywa matone yaliyo juu ya majani. Na hata nilipoanza kuyanyunyizia majani, hakunywa, kwa kuwa muda wote alikuwa akijihadhari na mkono wangu. Mwisho macho yalizama ndani akawa anayafumba mchana, na kinyonga anayefumba macho mchana ni mgonjwa. Mke wangu alisema kwamba yeye hajawahi kupewa nusu saa kila jioni, na kwa matokeo aliyoyaona, haidai.

Huyu niliye naye sasa (kwanza nilishughulikia kibali, kwa sababu kinyonga ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimsamehe kwa udogo wake) sijamshika hata mara moja. Yeye ndiye anayenipanda. Kizimba nilikiinua ili matawi yake yapite kichwa changu, kwa kuwa kinyonga hutulia akiwa juu yako. Wiki mbili nilikaa tu karibu naye. Kisha nikawa namwonyesha nyenje kwa vidole, kwa mbali, na baadaye nikaulaza mkono chini ya kifua chake kama tawi, nyenje akiwa upande wa pili wa mkono. Siku alizogeuka mweusi au kurudi nyuma, niliondoka na sikurudia mpaka kesho yake. Alipanda siku ya arobaini na tatu. Usitarajie kwamba atakupenda. Atakuvumilia, na hilo ni jingi. Ukilazimika kumhamisha ili usafishe, toa tawi zima naye akiwa juu yake.

Mkono uje kwa chini, utulie, apande mwenyewe. Uliuliza pia kuhusu kizimba, na kama ni dume au jike, lakini hayo hayataua mtu wiki hii.

Kwa kuwa umesema umeshamshika mara kadhaa, kesho asubuhi kiangalie kinyesi chake. Ukiona ile sehemu nyeupe imeanza kuwa ya chungwa, nyunyizia majani maji mpaka yadondoke kwa dakika kadhaa, kisha utoke chumbani ili apate kunywa.