Jiwe la sikio peke yake linatosha kumtaja samaki wa kale?

SWALI: Nimechekecha mashapo ya bahari ya kale nikapata vijiwe vyeupe vya milimita 3 hadi 6. Naamini ni mawe ya masikio ya samaki, lakini hakuna mfupa hata mmoja. Nimepiga picha upande wenye matuta, na vyote naona vinafanana. Naweza kujua ni spishi gani?

JIBU: Mara nyingi inawezekana, ila kwanza vigeuze. Upande wenye matuta ni wa nje, nao hutofautiana mno hata kwa samaki wa spishi moja. Kinachomtambulisha samaki ni mfuo unaopita upande wa ndani. Mulika kwa taa kutoka pembeni, kingo za mfuo zitupe kivuli, kisha tazama kwa hadubini: je, mfuo unafika ukingo wa mbele au umeishia njiani? Sehemu ya mbele ya mfuo ina upana gani ukilinganisha na ya nyuma? Hiyo ya nyuma, yaani mkia wa mfuo, imenyooka au imepinda? Kwa familia ya Gobiidae (samaki wadogo waitwao gobi) mfuo ni mfupi, una umbo la soli ya kiatu, na haugusi ukingo. Kwa familia ya Sciaenidae (samaki wanaojulikana kwa kutoa sauti ya kukoroma), mbele ni papana sana na mkia umepinda kuelekea chini. Hizo mbili utazijua upesi.

Ukikuta jiwe la mviringo lisilo na mfuo huo, usilitupe ukidhani limesagika. Kila sikio lina mawe matatu. Kwa samaki wengi wenye mifupa, jiwe kubwa kuliko mengine ni lile liitwalo sagita, lakini kwa kambare wa baharini ni lile liitwalo lapilasi, na hilo halina mfuo wa namna hiyo.

Kabla ya kutaja spishi, tenganisha ya kulia na ya kushoto, kisha yapange kuanzia dogo hadi kubwa. Umbo hubadilika samaki anapokua. Wapo watoto na wazazi waliowahi kupewa majina mawili tofauti. Kama una jiwe moja dogo tu, ishia kwenye familia. Si aibu hata kidogo: Ernst Koken, aliyechapisha kazi kubwa ya fani hii mwaka 1884, hakulazimisha jenasi (kundi la spishi za karibu), aliandika Otolithus, yaani jiwe la sikio, na kuongeza jina la familia. Kadiri tabaka linavyokuwa la kale, ndivyo jenasi za leo zinavyopungua kufaa kama kipimo, na mifupa iliyokutwa na mawe yake kichwani ni michache.

Na tafadhali, usivisafishe kwa siki. Ni aragonaiti, madini ya jamii ya chokaa, huyeyuka, na mfuo utapotea mapema.