Kipimajoto cha Mlangoni Kilivyonidanganya

Ukumbi wetu uko Likoni, Mombasa, ng'ambo ya feri, na hauna kiyoyozi hata kimoja. Tuliujenga hivyo makusudi: kuta za mawe ya matumbawe zilizopigwa chokaa, madirisha yanayotazamana pande mbili, na matundu chini ya paa ili hewa ya moto ipate pa kutokea. Hatukubuni kitu kipya. Nenda Mji wa Kale uguse kuta nene za nyumba za zamani saa saba mchana, utaelewa tuliiga wapi. Kazi yangu mimi ilikuwa ndogo tu: kupima joto la ndani, tujue kama ukumbi unafanya kazi au twajipa moyo.

Nikanunua kipimajoto cha kidijitali, nikakitundika kando ya mlango kwa sababu pale palikuwa na msumari tayari. Tulifungua mwezi wa Julai, kipupwe, Kusi inapuliza mpaka karatasi zaruka mezani. Kipimajoto kikisoma 26, mara 27, nami nikiwaonyesha wageni kana kwamba upepo ule nimeuleta mimi. Kisha ikaja Machi. Kina mama wa chama wamekaa alasiri, kila mmoja ajipepea kwa ncha ya leso, na kipimajoto changu chasema 29. Bibi mmoja akaniita pembeni: "Mwanangu, hiyo saa yako ya ukutani yajua kwamba sisi twakaa huku?"

Haikujua. Ilikuwa kwenye njia ya upepo, na wao walikuwa mwisho wa ukumbi, chini ya kipande cha paa ambacho pesa ya dari iliisha kabla hakijafikiwa. Kwa hivyo ukitaka kupima, anza na mahali watu wanapokaa. Kitundike kwenye nguzo au kamba katikati yao, kama mita moja na kidogo kutoka sakafuni, pale kichwa cha mtu aliyeketi kinapofika. Usikibandike kwenye ukuta unaopigwa na jua, maana utapima ukuta. Usikiweke juu ya taa, wala ndani ya kiboksi cha plastiki kisicho na matundu. Vifaa vya kuunganisha mwenyewe hujipasha moto vyenyewe, kwa hivyo kihisi, yaani kile kipande kinachopima, kikae mbali kidogo na bodi yake ya umeme. Na kimoja lazima kiwe nje, kivulini, penye hewa, la sivyo huna cha kulinganisha nacho.

Kabla ya kuvitundika, vilaze vyote usiku mmoja juu ya meza moja. Vyangu, ambavyo sasa vilikuwa vinne, viliamka na majibu manne. Kile cha bei rahisi kabisa kilipishana na wenzake kwa karibu digrii mbili, na muuzaji aliniapia kwamba ni sawasawa. Sikumrudishia, niliandika tu tofauti yake kwa kalamu mgongoni, huwa naitoa kila nikisoma. Upande wa unyevu wa hewa kuna jaribio la jikoni: chumvi ya kawaida, ichovye maji kidogo iwe kama uji mzito, iweke kwenye kifuniko cha chupa, kisha ifungie pamoja na kihisi ndani ya mkebe usioingia hewa kwa nusu siku. Humo unyevu hutulia karibu asilimia 75. Kikisoma 68, unajua kinakosea kwa ngapi. Hapa pwani usipuuze jambo hili. Jasho lisipokauka mwilini, digrii 30 huwa ni fukuto tupu.

Lakini hata nilipovihamisha, yule bibi hakuridhika, na alikuwa na haki. Hewa ya pale mwisho ilikuwa na joto karibu sawa na ya katikati. Kilichowachoma ni bati lenyewe: likipashwa na jua, humwaga joto vichwani hata kama hewa iliyo kati haijapata moto sana. Kipimajoto cha kawaida hakilioni vizuri. Dawa yake ni mpira wa tenisi ya mezani. Utoboe, uupake rangi nyeusi isiyong'aa, ingiza ncha ya kihisi ndani, utundike. Mpira hupokea joto la paa kama kichwa kinavyolipokea. Siku ya kwanza hewa ilikuwa 30 na mpira 33. Nilipoonyesha namba hizo mbili kwenye mkutano, pesa ya dari iliyokuwa imekosekana miezi minane ilipatikana kwa wiki mbili.

Sasa watu huniuliza, digrii ngapi ndiyo nzuri? Kwa majengo yasiyo na mashine, ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa joto na hewa ya majengo, kina hesabu katika kiwango chake namba 55: chukua wastani wa joto la nje wa siku za karibuni, zidisha kwa 0.31, ongeza 17.8. Nje ikiwa 28, jibu ni karibu 26.5, na wengi huvumilia hadi digrii 3.5 juu yake, yaani 30. Naipenda kwa sababu haitutaki tuishi kama ofisi ya benki. Siifuati kama sheria, maana unyevu haumo ndani yake.

Kifaa changu cha maana kuliko vyote ni daftari. Vihisi huandika kila robo saa, stima ikipotea hunyamaza, na chumvi ya bahari hula miguu yao. Daftari ndilo linaloandika madirisha yapi yalikuwa wazi, watu wangapi, upepo ulikuwepo au la, na nani alilalamika. Bila hilo nisingejua kwa nini ukumbi uliamka na joto lile lile lililolala. Namba zilionyesha kilele si saa nane mchana bali wakati wa magharibi, jua likizama, mawe yanaporudisha yaliyoyanywa tangu asubuhi, kisha usiku kucha joto halishuki. Nikamuuliza mlinzi. "Huyafunga yale matundu ya juu, kaka. Popo." Tukaweka wavu wa waya. Kwa kweli usiku wa Machi hapa haupoi sana, kwa hivyo usitarajie muujiza wa kuta nene peke yake. Hewa isipopita, ukuta mnene hugeuka chungu kilichofunikwa.

Na pima mwaka mzima. Kusi huingia kutoka kusini mashariki, Kaskazi kutoka kaskazini mashariki, na dirisha linalosifiwa kwa upepo huu laweza kuwa pambo kwa ule. Kibaya zaidi ni tangambili, pepo mbili zikipokezana na hakuna inayovuma. Hapo ndipo tunawasha feni, bila aibu.

Umebaki ukuta wa magharibi. Tumekubaliana kupanda miarobaini nje yake mvua za masika zikianza. Kipimajoto nimekwisha kukitundika pale ndani, mwezi mmoja kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa, maana miti ikishakua hakuna atakayekumbuka ukuta ule ulikuwa unaungua vipi, na mimi mwenyewe nitadhani nilitia chumvi.